Kabla Hujalipiga Msasa Kabati Lile

Tusajigwe mwanangu,

Kamwene. Najua umeitikia kwa mdomo ulipofika hapa, maana hilo ndilo neno pekee la Kihehe ulilokubali kulishika kutoka kwangu. Mengine yote umechukua ya ujombani. Sikulaumu. Mama yako ni mtu wa Tukuyu, na mtu wa Tukuyu hashindwi ndani ya nyumba yake.

Naandika nikiwa karakana, mchana huu wa Jumamosi. Wewe umekwenda kuagana na wanakwaya wenzako, na mama yako yuko uani anakukaangia karanga za safari kana kwamba huko Mbalizi unakokwenda kufungua karakana yako hakuna karanga. Mengi ya kukuambia ameshayasema yeye: sweta, blanketi, baridi ya Mbeya, usiweke tina ya vanishi karibu na jiko, usimwazime fundi mwenzio randa. Mimi sitayarudia. Nina jambo moja tu, nalo nimelizunguka wiki nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kesho saa mbili asubuhi kirikuu itakuja kupakia vitu vyako, na cha kwanza kupanda ni kabati lile la chumbani kwako. Jumanne ulilipigapiga ubavuni kama mnunuzi wa ng'ombe, ukaniambia, "Baba, hili ndilo la kuanzia. Yule mama wa gesti ya Mbalizi anataka la kizamani. Nalipiga msasa lote, ndani nje, nalitia vanishi isiyong'aa, linanilipia pango." Nikasema, "Haya." Ukaenda zako unaimba.

Ile "haya" ndiyo iliyonikalisha hapa. Nataka ujue kabati lile lilikotoka na kilichomo ndani yake. Nikinyamaza likapakiwa, utafuta kitu bila kujua unachofuta. Mimi nilishafanya hivyo mara moja kwa kabati hilohilo, na sijalala vizuri tangu siku ile.

Nilipoanza kazi hii ulikuwa hujazaliwa. Sikuwa na mtaji wa mbao mpya, na hata ningekuwa nao, paini ya Mafinga kila fundi wa hapa Kihesa alikuwa nayo. Ila niliona jambo ambalo wenzangu walilidharau. Nyumba za wazee zilijaa mninga na mvule, imefichwa na masizi na rangi ya mafuta. Meza inayokatiwa nyama, ukiikwangua, chini yake kuna ubao ambao dukani hawauonyeshi tena. Nikawa nanunua kikuukuu, nakichuna rangi, nakipiga msasa, nakitia vanishi, nawauzia walimu na watu wa ofisini kama kitu cha heshima. Hayo unayajua, umekulia ndani yake. Na mkono wako kwenye vanishi umenipita siku nyingi. Nilikuwa nasubiri uondoke ndipo nikuambie, usije ukanivimbia kichwa.

Usilolijua ni nilivyokuwa navipata vitu vyenyewe. Mtu hauzi kabati la mama yake siku ya kawaida. Analiuza msiba ukiisha, ndugu wakishagawana blanketi na sufuria, na kile kikubwa kisichobebeka kimebaki kinagombewa. Basi nikanunua redio. Wenzangu walisikiliza mpira, mimi nilisikiliza matangazo ya vifo. Nikisikia jina na kijiji, nahesabu siku za matanga, kisha nawasha pikipiki. Nafika na uso wa huzuni, nasema poleni, nakaa mkekani, nakunywa chai yao, na huku macho yangu yanapima milango ya makabati. Mama yako aliniita tumbusi. Nikacheka, nikamwambia tumbusi naye anakula kwa jasho lake. Leo nikikumbuka kicheko kile naona aibu.

Sikuwa mwizi, Tusa. Nilikuwa mwerevu, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu mwizi anajijua.

Werevu wenyewe nikupe mfano mmoja ucheke kidogo, maana mbele hakuna kicheko. Niliwahi kununua kitanda kilichoshambuliwa na bungua, mguu mmoja umejaa vitundu kama chujio. Nikachanganya vumbi la msasa na gundi, nikaziba, nikapitisha nta ya mshumaa, nikamalizia na rangi ya viatu ya kahawia. Mguu ukapendeza kuliko ile mitatu mizima. Nikamuuzia mwalimu kijana aliyekuwa ameoa wiki hiyo. Siku ya nne akaja karakana, mguu ameushika mkononi kama rungu. Akasimama mlangoni mbele ya wateja, akasema, "Fundi, mguu wako huu hapa. Mimi na mke wangu tunakusalimu." Kihesa nzima walinicheka mpaka masika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamtengenezea mguu mpya, akanisamehe, na mpaka leo tunasalimiana. Ningeshika funzo lile vizuri, barua hii isingekuwepo. Lakini nilichojifunza siku ile ni kuziba vizuri zaidi.

Sasa kabati.

Ilikuwa njia ya Idodi, kijiji ambacho sikitaji. Nilikuwa nimetoka kutazama meza ya mtu, nikaona nyumba kando ya barabara, godoro limeanikwa kwenye ua, wanaume wamekaa kwenye mabenchi barazani hawazungumzi, wanawake wanapita na masufuria bila kelele. Kwetu ukiona godoro la mtu limetolewa nje na watu wamenyamaza hivyo, huulizi. Nikazima pikipiki, nikavua kofia.

"Poleni sana," nikasema.

"Asante, tunashukuru. Karibu."

Neno letu hilo lina mtego wake. Pole ni ya msiba, ni ya ugonjwa, ni ya kazi, ni ya kujikwaa kwenye jiwe. Anayeitoa hasemi ni ya nini, na anayeipokea hasemi ni ya nini. Mimi nilitoa ya msiba. Wao walipokea ya ugonjwa.

Nikakaa, nikanywa chai, nikangoja muda wa adabu. Kisha nikaeleza kazi yangu. Mtoto mkubwa wa nyumba ile, mtu mzima mwenye mvi, akasema kweli wana vitu wanataka kuviondoa kwa sababu nyumba inafungwa. Akaniingiza sebuleni. Kabati lilisimama ukutani, mninga mtupu, bawaba za shaba, kitasa bado kinafunga. Nikalipapasa, nikasema kwa ile sauti yangu ya misibani, "Marehemu alikuwa mtunzaji."

Yule bwana akatazama chini. Halafu sauti ikatoka chumba cha ndani, dhaifu lakini imenyooka:

"Marehemu nani?"

Yule bwana akasema haraka, "Mama anaumwa. Kesho tunampeleka mjini hospitali, atakaa kwangu. Hawezi kurudi huku." Neno hilo la mwisho alilisema bila kushusha sauti, mlango wa chumba ukiwa wazi.

Ningeweza kuomba radhi nikaondoka. Naliandika hili ulione vizuri: nilisimama pale na kabati la mtu aliye hai mkononi, nikajua ni la mtu aliye hai, nikataja bei. Wakakubali. Tulipolibeba kulitoa, ilibidi tupite mbele ya mlango ule. Nikamwona. Bibi mdogo wa mwili, amejifunika kanga mbili, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, meupe. Alielekeza uso kwenye hatua zangu.

"Ndiye wewe unayelichukua?"

"Ndiyo, bibi. Pole."

"Ndani ya mlango kuna watoto," akasema.

Mkwewe akamfunika vizuri, akatuambia, "Msimsikilize, homa hiyo." Tukaendelea kulibeba.

Nilipolifikisha hapa karakana kwa gari la kukodi, nikalifungua. Ndani ya mlango wa kulia, usawa wa kifua, kulikuwa na mistari iliyokwaruzwa kwa ncha ya kisu au msumari, myeusi kwa uzee. Niliiona. Sikuihesabu. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na msemo wake, kwamba nje ya kabati ni ya mgeni, ndani ni ya mnunuzi, kwa hiyo ndani kupigwe msasa mara mbili. Nikachukua msasa mkali, ule wa namba sitini. Haikunichukua muda wa kunywa chai. Mlango ukawa safi kabisa, na vumbi jekundu la mninga likanipanda puani nikapiga chafya, nikacheka peke yangu.

Watu husema fulani amepigwa msasa wakimaanisha amefundishwa akafundishika. Mimi huwa nanyamaza nikisikia hivyo.

Ilipita kama miezi minne. Kabati lilikuwa bado halijapata mteja, limesimama pale unapoweka makopo ya vanishi. Asubuhi moja ya mvua nikasikia hodi. Ni yeye. Hakufa. Hospitali ilimsimamisha, na binti yake, mama wa makamo, alikuwa amemshika mkono. Bibi Veronika, ndilo jina lake, alikuwa amevaa viatu vya kanisani vimejaa tope.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene, bibi. Karibu ndani, mvua hiyo."

"Sikai. Nimekuja kuwasalimia watoto."

Binti yake akaniangalia kwa aibu, akaeleza. Bibi alizaa watoto wengi, na wengine wao walimfia wadogo. Wakati ule makaburi ya watoto hayakuwekwa msalaba, na shamba walipozikwa liliuzwa zamani, likalimwa. Kila alipozikwa mmoja, bibi alichora mstari ndani ya mlango wa kabati. "Hatumwombi fundi arudishe kitu," binti akasema. "Anataka kuwashika tu, basi. Wewe mwonyeshe, tutakwenda."

Idadi hakuitaja. Hiyo niliijua baadaye. Siku ile alisema "wale waliomfia," na mimi sikuthubutu kuuliza ni wangapi, kwa sababu mtu aliyewaona asingeuliza.

Kabati lilikuwa hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama. Nikamwambia, "Bibi, limepakwa vanishi juzi, halijakauka, na liko nyuma ya mizigo. Njoo kesho kutwa nitakuwa nimeshalitoa." Akaitikia. Akaondoka kwenye mvua na tope lile.

Nikamweleza mama yako. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, anashona nepi kwa mkono. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie kweli. Mwambie umefuta, umpigie magoti." Nikasema nitamwambia. Siku ya pili badala yake nikachukua msumari.

Nilikaa na mlango ule nusu siku. Nikakwaruza mistari sita. Kwa nini sita sijui, nilikumbuka tu kwamba ilijaa kiasi cha kiganja. Nikaipaka masizi na mafuta ya kupikia, nikafuta, nikapaka majani ya chai, nikafuta, nikapitisha kitambaa mpaka kingo zikawa laini kama zilizoshikwashikwa miaka. Kazi nzuri. Nakuambia kama fundi kwa fundi, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na wewe umeishi nayo miaka ishirini hukuigundua.

Bibi alikuja kesho kutwa yake kama tulivyoagana. Nikamfungulia mlango. Akapiga magoti, akatafuta kwa kiganja, akapata. Midomo yake ilianza kucheza. Alikuwa anawataja, mmoja mmoja, kidole kikihama mstari kwa mstari, lakini sauti haikutoka nje. Akafika wa sita. Kidole kikaendelea kwenye ubao mtupu, kikaenda, kikarudi, kikaenda tena. Alirudia toka mwanzo. Mara hii alipima kila mstari kutoka juu mpaka chini.

"Umewafanya wote wa urefu mmoja," akasema. "Wangu hawakulingana. Kuna aliyekaa miaka mitatu, kuna aliyekaa siku mbili."

Nikautazama ule msumari, bado ulikuwa mezani.

"Na nina majina saba. Hapa ni sita." Akageuza uso wake kwangu, macho yale meupe. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mama anayehesabu watoto wake waliotoka kanisani. "Umemwacha yupi?"

Tusa, nimeulizwa maswali mengi na wateja. Hilo moja ndilo nimelala nalo na kuamka nalo. Nikiwa napiga msasa nalisikia. Ukiniona nimesimamisha mkono katikati ya kazi natazama ukuta, na wewe unasema "baba kazeeka," ni hilo.

Nikaanguka kifudifudi, nikakiri yote. Nikamwambia alichukue kabati, bure, nitalipeleka mwenyewe popote. Binti yake alikuwa analia na kunitukana kwa wakati mmoja, na alikuwa na haki. Bibi akainuka kwa kujishika kwenye kabati.

"Baki nalo," akasema. "Wangu hawamo humo."

Mlangoni akasimama. "Una watoto?"

"Wa kwanza yuko njiani, bibi."

"Mungu akutunzie," akasema, akaenda. Sikumwona tena.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wangu alifika kabla sijapata mtoto.

Sasa nifike kwenye lile ambalo mimi na mama yako hatujawahi kukuambia. Ulizoea kujiita mzaliwa wa kwanza. Wewe si wa kwanza. Kabla yako alikuja mvulana, mwezi mmoja na nusu baada ya siku ile. Alitoka kamili, viungo vyote vimetimia, nywele nyingi. Hakulia. Kwetu mtoto asiyelia hafanyiwi msiba. Wanawake walimchukua wenyewe, shangazi zako wawili na jirani, wakamzika, na mimi sikuonyeshwa mahali. Hakukuwa na mkeka barazani, wala daftari la rambirambi, wala mtu aliyenyamaza kwenye benchi. Mimi niliyegawa poleni vijiji vyote vya Iringa kwa ajili ya makabati, hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia pole, maana hakuna aliyeambiwa. Siku ya tatu nilifungua karakana nikaendelea na stuli za mteja.

Na niliogopa. Nilikumbuka yale maneno ya mlangoni nikayageuza kuwa laana. Nilimwambia mama yako, bibi amenilipa. Mama yako alikuwa bado kitandani. Alinyanyuka akanishika ukosi wa shati. "Yule bibi alikuombea," akasema. "Usimchukulie na hilo pia." Hatukulizungumza tena jambo hilo.

Mwaka uliofuata alipita mteja, mtu wa Mbeya, akalitaka kabati. Nilifurahi, nikajua linatoka machoni pangu. Mama yako akatoka ndani, akaegemea milango kwa mgongo, akasema, "Hilo haliuzwi." Mteja akadhani tunapandisha bei. Alipokwisha kuondoka nikalifungua kuona kulikoni. Chini ya ile sita yangu kulikuwa na mstari mwingine. Mfupi, umepinda kidogo, umekwaruzwa na mtu asiyejua kushika msumari. Haukupakwa masizi. Ulikuwa mweupe bado.

Alijua nimeona. Usiku huohuo tulilibeba wawili tukaliingiza kile chumba ambacho baadaye kilikuwa chako.

Nilikwenda njia ya Idodi mara moja tu baada ya hapo, ulipokuwa unatambaa. Nilitaka kumwambia bibi kwamba nimepata mtoto, na kwamba mama yako amekuita Tusajigwe, tumebarikiwa. Nikakuta tena watu barazani, tena kimya. Safari hii nilisema, "Poleni," halafu nikauliza, "Poleni ya nini, ndugu zangu?" Wakashangaa mtu wa kuuliza hivyo. Bibi alikuwa amezikwa siku tano nyuma. Yule binti yake alinitambua. Nilidhani atanifukuza, alinipa kiti. Nikamwuliza kama mama yake aliwahi kusema ni yupi aliyebaki nje siku ile, ni jina gani. Akatikisa kichwa.

"Hakusema. Ila tulipokuwa tunamhesabia watoto wake, alikuwa anatuambia tusimsahau mmoja. Anasema mmoja amebaki Kihesa, kwa fundi."

Nilirudi na pikipiki kwenye vumbi, nalia barabarani mtu mzima. Tangu hapo redio ya vifo nikaiacha. Ninanunua kwa mtu aliye hai, anayenitazama usoni, na kabla ya kupiga msasa ndani ya kitu chochote namwuliza, hapa kuna nini? Wewe umenisikia nikiuliza hivyo maisha yako yote ukadhani ni mbwembwe za kumfurahisha muuzaji. Ulikuwa unaniiga nyuma ya mlango, "hapa kuna nini, mama?" na kuchekacheka. Nilikuacha ucheke.

Ulipokuwa na miaka minne au mitano ulijifungia ndani ya kabati, ukatoka na swali. "Baba, nani kachora humu?" Nikasema panya. "Mbona wa mwisho kachora kidogo?" Nikasema panya alichoka. Ukarudi ndani, na mama yako akasikia unambembeleza panya aliyechoka. Alikwenda jikoni akakaa huko mpaka giza. Nilikudanganya, mwanangu, na uongo ule ni kama ule mguu wa kitanda: niliziba nilichoshindwa kuponya. Nisamehe.

Wiki hii, baada ya ile "haya" yangu, nilimfuata mama yako nikamwomba akuambie yeye. Nilisema mambo ya mtoto mchanga ni ya akina mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Mimi nilishaandika langu," akasema. "Kwa msumari. Wewe una kalamu."

Ndiyo barua hii.

Sikukatazi kuliuza. Nimewaza sana hapo. Ni ubao mzuri, una kazi ya kufanya, na mimi si mtu wa kukuambia mbao ni kaburi. Kazi yetu ingekufa. Hao sita wa juu ni uongo wa baba yako, hawana mtu ndani, bibi mwenyewe alisema. Ukiwafuta hutakuwa umemfuta mtu. Lakini wa saba sijui niseme nini. Mama yako alimchora kwa ajili ya wetu. Bibi alikufa akisema mmoja wake yuko kwangu. Kuna siku nadhani ni watoto wawili kwenye mstari mmoja, na mstari wenyewe ni mfupi kuliko kidole changu kidogo.

Najua hivyo kwa sababu leo nimeupima. Ulipotoka asubuhi niliingia chumbani kwako, nikalifungua, nikaweka kidole. Miaka yote hii sikuwahi kuugusa. Nikasema pole. Nilisema kwa sauti, na nilijua ni ya nini.

Nasikia sauti yako barabarani, wanakwaya wanakusindikiza, mnacheka. Nitaikunja barua hii niiweke kwenye kisanduku chako cha misasa, juu kabisa, kwa sababu najua mikono yako: utafika Mbalizi, hata chakula hujala, utataka kuanza kazi. Anza. Ila kabla ya msasa, fungua ule mlango wa kulia, umsalimie kaka yako. Ni yule mfupi, wa mwisho.

Baba yako